Kisichozidi Kiganja

Zuhura mwanangu,

Hali yako sikuulizi. Asubuhi tumekunywa chai pamoja, ukamaliza vitumbua vyako ukahamia vyangu, kwa hiyo najua u mzima. Sasa hivi uko saluni kwa kina Semeni unasukwa, na kwa mtindo ule uliochagua najua huinuki pale kabla ya magharibi. Ndiyo maana nimefunga cherehani mapema, nikatandika mkeka hapa barazani, nikachukua hili daftari la vipimo vya wateja na kuanza kukuandikia. Ukikuta katikati pameandikwa "kifua 38, mkono mrefu", ruka, hiyo ni ya Mama Pendo.

Kesho unapanda basi kwenda Njombe, chuo cha ualimu. Mambo ya kula vizuri, kusali, kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, sikuandikii. Umeyasikia miaka kumi na tisa, kama hayajaingia basi hayaingii tena. Nakuandikia habari moja tu, ya lile shuka la viraka. Na barua yenyewe sijui hata nitaiweka wapi. Nitaamua nikifika mwisho.

Nilikuona jana, Zuhura.

Shangazi yako Tausi alipokuja kutoka Tandale na lile blanketi la manyoya lenye picha ya chui, akalikunjua sebuleni mbele ya majirani, kila mtu akalishika akasema mashallah. Na mie nikasema mashallah, maana blanketi ni zuri na sina kinyongo nalo. Halafu akaona begi lako liko wazi na viraka vyangu vimekaa juu. Akakitoa kicheko chake kile. "Wifi, jamani! Mtoto anakwenda chuo, haendi kuokota makopo! Haya matambara unamfungashia ya nini?" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Kucheka si neno, hata mie ningekuwa na umri wako ningecheka. Lakini wenzio walipotoka nje kunawa mikono wapate kula, ulibaki nyuma. Ukalitoa shuka langu kwenye begi, ukalikunja vizuri kabisa, ukaliweka kwenye kile kiti cha nyuma ya pazia. Nilikuwa mlangoni na sinia la pilau. Nikarudi nalo jikoni, nikasimama huko mpaka pilau likaanza kupoa.

Sikuandikii kukubembeleza. Mie na kubembeleza wapi na wapi, unanijua. Tangu jana nina hasira, na hasira zenyewe nikizikagua naona robo ni za Tausi, robo ni zako, na nusu nzima ni zangu mwenyewe. Hiyo nusu hujui ilikotoka. Hakuna anayejua hapa Mtoni.

Hilo shuka lina umri wa miaka kumi na tano, umelizidi minne tu. Baba yako alipoondoka kwenda Tunduru kutafuta madini ulikuwa na miaka minne. Alisema miezi miwili. Nguo hakuchukua nyingi, lakini blanketi alibeba, tena lile moja tulilokuwa nalo. Ningekuwa na akili ningeelewa hapo hapo, maana mtu wa miezi miwili habebi blanketi. Siku hizo tulikuwa tunakaa Kiwalani, chumba kimoja, na kipupwe kilipoingia ukaanza kukohoa. Unasikia watu wanasema Dar hakuna baridi. Hao wana blanketi.

Kazini kwangu, chini ya cherehani, nilikuwa na kiroba cha vipande. Nilikuwa najifunza ushonaji kwenye baraza ya Bi Kidawa, mwanamke mmoja mzee wa Kiwalani, mrefu, mkali, asiyependa mchezo. Na Bi Kidawa alikuwa na sheria yake ambayo sijaiona kwa fundi mwingine mpaka leo. Unajua mafundi tunavyosemwa mji huu: ukimpelekea kitambaa cha mita tatu, moja ameshaila. Yeye hakutaka kusemwa. Kwa hiyo kila nguo ikiisha, mabaki yote yanawekwa mezani, na fundi anaweka kiganja chake juu, vidole vimebanwa. Kipande kikizidi kiganja kinakunjwa, kinarudishwa kwa mwenyewe pamoja na nguo yake. Kisichozidi kiganja ni cha fundi. "Hapo hata malaika haandiki," alikuwaga anasema.

Sasa mie kiganja changu unakijua, kidogo kama cha mtoto wa darasa la pili. Fundi mwenzangu mmoja, Mwajuma, alikuwa ananitania: "Shoga, Mungu kakupunja. Wewe kiroba chako hakitajaa mpaka kiama." Lakini kilijaa. Kilichukua mwaka, kikajaa.

Na hicho kiroba ndicho kilichokuwa blanketi lako. Nilivipiga pasi vile vipande kimoja kimoja kwa pasi ya mkaa. Kinachofika vidole vinne kwa vinne nikakifanya mraba. Kilichoenda upogo, kile kinachobaki kwenye kwapa la gauni, nikakikata pembetatu, viwili vikakutana vikawa mraba. Vile vitepe vya pindoni, ambavyo mafundi wote wanafagia na kutupa, nikaviunga kimoja baada ya kingine mpaka vikawa mkanda mrefu wa kuzungushia. Vinyuzi na visivyoshoneka vikaingia kwenye mto. Sikutupa kitu. Chini nikaweka kanga kuukuu ya bibi yako wa Newala, katikati sweta mbili za mtumba nilizozifumua mishono, juu viraka, nikashikiza tabaka zote tatu kwa sindano ya mkono. Wewe ndiye ulikuwa unanipangia sakafuni, umekaa uchi na kamasi, unasema, "Mama, nyekundu isikae na nyekundu, zitagombana." Nikakusikiliza. Mpaka leo kwenye shuka lile nyekundu haigusani na nyekundu.

Watu walicheka wakati ule vilevile. Mama mwenye nyumba aliliona kwenye kamba ya kuanikia akaniita Mama Viraka, na jina likashika mtaa mzima. Miaka miwili naitwa Mama Viraka mpaka bombani. Mwanzo nilikuwa nainamisha kichwa. Halafu siku moja nikachoka. Mtu akapiga kelele toka upande wa pili wa barabara, "Mama Virakaaa!" nikamjibu, "Abee! Unataka kushona nini?" Akapita zake. Nilipohamia Mtoni na kufungua baraza yangu, jambo la kwanza nililofanya ni kuandika jina hilo mlangoni kwa rangi nyeupe, wewe mwenyewe ukiwa umeshika kopo. Leo wanaleta nguo mpaka wa Mbagala, wanauliza kwa Mama Viraka ni wapi.

Mpaka hapo hadithi unaijua, umeisikia mpaka umeichoka. Naipenda kuisimulia kwa sababu mie ndiye shujaa wake. Sasa nakwambia ile nyingine.

Mwajuma, huyo aliyekuwa ananitania. Bi Kidawa alikuwa mwenye baraza, lakini aliyenifundisha kazi ni Mwajuma. Yeye alinishika mkono nikajua kukata shingo isitanuke. Yeye alinionyesha kwamba nguo ikichuja unaweza kuifumua yote, ukageuza kitambaa ndani kikawa nje, ukaishona upya mtu asijue. Hakuwa na mtoto, na wewe alikupenda bila kisa. Ulikuwa unamwita mama mkubwa.

Ulipokuwa na miaka sita, karibu na Idd, alikuja mama mmoja na jora la sare za harusi ya binti yake. Bluu iliyoiva, upande mmoja unang'aa una maua ya dhahabu, upande wa pili umefifia. Nguo za wanawake kumi. Kazi tukapewa mie na Mwajuma. Mie nikaanza kukata, na wakati huo mkasi ulikuwa umeshanikaa mkononi. Ukijua kupishanisha mkono na shingo, ukibana hapa na pale, unaokoa kitambaa. Nikaokoa kipande. Nikakiangalia. Nikaweka kiganja juu yake, na viganja vyangu sitini vingeenea pale na nafasi ikabaki.

Wiki ile ulikuwa umeniuliza, "Mama, nguo yangu ya Idd ya rangi gani?" Nikakwambia subiri. Wenzio wote mtaani walikuwa wameshazijua rangi zao, mnakaa kwenye ngazi mnatajiana. Ulikuwa unasema, "Yangu ni siri." Mtoto wa miaka sita, umeshajua kunisitiri mama yako. Nikakunja kile kipande, nikakisukumia chini ya kiroba changu, juu nikamwagia vipande vidogo.

Nguo ya kumi ikakosa mikono.

Mwenye harusi akaja juu, akapiga kelele mpaka wauza mihogo wakasogea kuangalia. Bi Kidawa akatusimamisha wote wawili mbele ya watu, akauliza kitambaa kimekwenda wapi. Na mie, mama yako, nikasema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Bi Kidawa, mie nilikata za mwanzo. Za mwisho alikata Mwajuma."

Hebu liangalie hilo jibu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nilikata za mwanzo kweli, za mwisho alikata Mwajuma kweli, na jora liliishia mkononi mwake kweli. Nimeshawahi kusema uongo mwingi maishani, mwanangu, lakini sijawahi kusema uongo mbaya kama ule ukweli.

Mwajuma alinitazama. Bi Kidawa akamwambia achukue cherehani yake. Alikibeba kichwa cha cherehani mwenyewe, kwa mikono miwili, na ile miguu yake ya chuma akairudia kesho yake, na watu njiani wakimwona wananong'ona: ndiye yule. Mie nikainama nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka. Hakuna sindano iliyokuwa imeanguka.

Gauni lako nikalishona kwa kugeuza. Upande uliofifia nikauweka nje, unaong'aa ndani, ili mwenye sare akikuona asitambue. Ulipendeza we mtoto! Ulizunguka Kiwalani nzima ukiwaonyesha watu, na mie nyuma yako, nachungulia kila mlango. Na tulipofika kwenye kona ya msikiti tukakutana uso kwa uso na Mwajuma. Wewe ukachomoka mkononi mwangu. "Mama mkubwa, shikamoo! Idd Mubarak! Ona gauni langu!"

Akachuchumaa. Akashika pindo la gauni, akaligeuza kidogo kwa kidole gumba, akaona maua ya dhahabu. Kisha akaliteremsha taratibu, akalinyoosha likae sawa. "Umependeza, mama," akakwambia. Akakupa peremende. Akasimama, akanitazama, na mie nikatazama barabara. Pengine wewe unaikumbuka ile peremende. Mie nakumbuka kidole gumba.

Baada ya hapo nikahama. Watu wote nimewaambia nilihamia Mtoni kwa sababu ya wateja wa Barabara ya Kilwa. Wateja gani? Nilikimbia. Na gauni lilipokubana nililifumua, kwa sababu mie huyo huyo situpi kitu. Sehemu kubwa ikawa mifuko, bitana, vitu vya ndani ndani. Kipande kimoja nikakikata mraba nikakishona katikati ya shuka lako, palipokuwa pametoboka. Ile bluu iliyofifia uliyokuwa unaweka shavu ukilala. Nilikikata kikalingana na vingine vyote, kisizidi kiganja, kana kwamba kitu cha wizi ukikipunguza kikawa kidogo basi kinakuwa halali.

Miaka kumi na tatu nimekifua, nimekianika, nimekutandikia kitandani. Mpaka mwezi huu, majibu yako ya chuo yalipotoka, nikalishusha shuka kuliongeza upana na kulitia blanketi kuukuu ndani kwa ajili ya baridi ya Njombe. Nikafika katikati. Nikajikuta siwezi kupitisha sindano pale. Nilijaribu siku mbili. Siku ya tatu nikachukua wembe nikakifumua, nikakikunja, nikavaa, nikaenda Kiwalani. Ni Jumatatu ile niliyokuambia nakwenda Kariakoo kununua zipu. Zipu nilizorudi nazo zilikuwa za zamani, zilikuwamo ndani ya mkoba toka asubuhi.

Nilimkuta Mwajuma kwenye kibanda chake anashona sare za shule. Mvi zimemjaa, miwani imefungwa kwa uzi. Hakushtuka. Akasema, "Kiti hicho," kama vile nilikuwa nimetoka hapo jana.

Nikamwambia yote, nimesimama. Nikamtolea kile kipande. Hakukipokea.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ya Idd. Kugeuza kitambaa si nilikufundisha mie?"

"Sasa mbona hukusema, dada?"

"Ningesema nini? Nimvue mtoto nguo siku ya Idd, barabarani, watu wanaangalia?"

Nikaanza kulia. Yeye wala. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Hapo penye kulia umechelewa," akaniambia. "Na sijakusamehe. Usije ukafika Mtoni ukaanza kutangaza Mwajuma kakusamehe. Nikitaka kusamehe nitasamehe mwenyewe, kwa wakati wangu. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Haikuwa na sukari na sikuthubutu kuomba.

Kikombe kilipoisha akaniuliza, "Mie niliitwa mwizi wapi?"

"Barazani kwa Bi Kidawa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na wewe umekuja kunisemea wapi?"

Nilielewa. Bi Kidawa alishafariki, Mungu amrehemu, na yule mwenye harusi alihama, sijui aliko, na hilo nitakwenda kujibu mbele ya Mungu. Lakini baraza ipo, siku hizi wanauza chipsi, na mzee wa kahawa ni yule yule, na wauza mihogo wale wale wameongezeka unene tu. Tukaenda wote wawili. Mwajuma akasimama pembeni, kajifunga kanga kiunoni. Zuhura, nilikuwa nimeshachoka kuinama kutafuta sindano ambayo haipo. Nikasema kwa sauti ya kuitia mteja ng'ambo ya barabara. "Jamani mlionijua, mie ndiye Mama Viraka. Kile kitambaa cha harusi hakuiba Mwajuma. Niliiba mie." Wachache wakageuka. Kijana mmoja anayekaanga chipsi akauliza, kitambaa gani tena? Mzee wa kahawa akaweka birika chini. Akasema, "Miaka yote hii, binti!" Akamtazama Mwajuma, akamwambia, "Mama, tuwie radhi." Basi. Mwajuma akaitikia kwa kichwa, akaanza kutembea kurudi, na mie nikamfuata.

Kibandani akaniuliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi siku hizi?"

"Anakwenda Njombe. Ualimu."

"Njombe kuna baridi," akasema. Akainama chini ya cherehani, akavuta kiroba chake. Na yeye anacho mpaka leo! Akachambua, akatoa kipande cha rangi ya chungwa, kizito, kizuri. Akanikamata mkono, akakiweka juu ya kiganja changu. Kilizidi kidogo. Akachukua mkasi akakipunguza huku na huku mpaka kikaenea sawasawa, makombo akarudisha kirobani. "Wewe sikupi kitu," akaniambia. "Nampa aliyevaa." Kile cha bluu ndipo akakipokea, akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. Sijui atakifanya nini na sikumuuliza.

Nilikishona siku hiyo hiyo. Ndiyo kile cha katikati. Jana ulipokuwa unalikunja shuka nadhani hukukiona.

Sasa unaelewa nusu yangu ya hasira. Zuhura, nilipomtoa Mwajuma kafara sikuwa na njaa. Hatukuwa tumekosa unga. Niliogopa uonekane huna nguo mpya ya Idd, basi, hakuna zaidi. Niliogopa kicheko cha watoto kwenye ngazi. Kicheko kile kile cha jana, kilichokufanya ukalifiche shuka nyuma ya pazia. Na mie jana, pamoja na jeuri yangu yote ya mlangoni kwa rangi nyeupe, nimesimama na sinia nikarudi jikoni. Ndiyo maana nimekasirika. Nimekuona wewe nikajiona mie, na sikupenda.

Usidhani nawachukia wanaocheka. Tausi anakupenda, na nilipolala na homa mwezi mzima ni yeye aliyekuwa anatoka Tandale kuja kutupikia uji. Blanketi lake lichukue. Chui na viraka vinaweza kulala kitanda kimoja, baridi ya huko nasikia haina adabu. Ila Tausi haelewi kwamba matambara yale ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho naweza kukuhesabia kila inchi imetoka wapi. Mraba wa kijani ni sare ya maulidi. Mweupe wa mistari ni wa yule nesi wa jirani. Khaki ni sketi yako ya shule ya msingi, ile uliyochania kwenye mpera. Vyote havikuzidi kiganja, na hiki ni kiganja kidogo. Kimoja tu kilikuwa si changu, na hicho nimekirudisha mchana kweupe, mbele ya wauza mihogo. Leo nikisimama mbele ya shuka lile sioni haya kwa lolote. Aje mtu hapa aniambie hivyo kuhusu blanketi lake la dukani.

Jua limeshafika kwenye ukuta wa jirani, utarudi muda si mrefu, na kichwa kitakuwa kinakuuma kwa kusukwa. Nimeshaamua pa kuweka barua. Begini siweki. Mkononi sikupi. Shuka liko pale pale ulipoliacha, nyuma ya pazia, na barua hii naikunja ndani yake, katikati, kwenye kipande cha rangi ya chungwa. Kesho ukiondoka bila shuka, nitalitandika kitandani kwangu, barua nitaitia kwenye jiko la mkaa, na habari hizi hutazisikia kwangu tena. Nitakupenda vilevile. Lakini sitakuomba, na sitakulilia stendi.

Kama unaisoma, basi ulirudi ukalichukua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Hapo nimekuamini, na nina kazi moja ya kukupa. Bwenini usilifiche chini ya chui. Litandike juu. Watacheka, hakosekani wa kucheka. Watakuuliza matambara hayo ya nani. Jibu kwa sauti: ya mama yangu, Mama Viraka, fundi wa Mtoni. Halafu weka kiganja chako juu ya kile cha katikati, kitaenea, maana viganja umerithi kwangu, na uwaambie na hiki kimetoka wapi. Uwaambie jina lake. Hiki ni cha Mwajuma wa Kiwalani, ambaye hakuiba.

Ni mie,
mama yako.